Tochi ya LED inayopiga mbali kweli: mwongozo kamili wa kuchagua na kujaribu kabla pesa haijapotea

Mtu anatoka Sikonge au Uyui, anafika Tabora mjini, anarudi na tochi ambayo boksi lake limeandikwa lumeni 100,000 na mita 2,000. Usiku wa kwanza inaishia kwenye mwembe wa jirani. Robo saa baadaye imefifia. Msimu unaofuata ananunua nyingine yenye namba kubwa zaidi, na mambo yanakuwa yale yale.

Mwongozo huu ni wa anayehitaji kuona mbali nje usiku: mlinzi wa shamba, mfugaji, sungusungu wa doria, mrina asali anayekatiza miombo. Wengi huangushwa na jambo moja. Wanatafuta mwanga mwingi, ilhali kinachofika mbali ni mwanga uliokusanywa. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na boksi hupenda kutangaza kile cha kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu ya Android yenye programu ya kupima mwanga kwa luksi, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani. Zipo nyingi za bure. Pakua kabla ya kwenda dukani.
- Kamba uliyoipima mita 5 kamili.
- Mizani ndogo ya kidijitali inayopima gramu moja moja, ya kupimia betri.
- Mfuko mweupe wa sandarusi, na koti au blanketi la kahawia.
- Uwanja wa shule au barabara ya vumbi iliyonyooka, isiyo na taa, yenye mita 200 au zaidi.
- Mtu wa kukusaidia, kalamu na karatasi.

Mizani ukiikosa utavumilia. Simu na kamba usiende bila hivyo.

## Hatua ya 1: Amua unataka kuona nini, umbali gani

Usiseme tu "nataka ya mbali". Sema: nataka kumtambua ng'ombe wangu akiwa mita 80. Au: nataka kujua kama kile kinachotikisa mahindi kule mwisho ni nguruwe pori au mtu.

Sababu ni kwamba umbali una gharama kali. Ukitaka kuona mara mbili ya umbali, unahitaji mwale wenye nguvu mara nne. Mara tatu ya umbali, nguvu mara tisa. Hiyo ni tabia ya mwanga wenyewe na hakuna kiwanda kinachoikwepa. Kwa hiyo kila mita 100 unazoziongeza kwa kujifurahisha zinalipwa kwa tochi nzito, betri kubwa na mwale mwembamba usiofaa kwa kazi za karibu.

Chukua shamba la mraba la ekari 10. Kila upande una kama mita 200. Mlinzi akikaa pembezoni, lazima amulike mita 200 kwenda ng'ambo. Akijenga dungu katikati, upande ulio mbali unakuwa mita 100, na pembe hazizidi mita 140 na kidogo. Kuhamisha dungu kunampunguzia nguvu ya tochi anayoihitaji hadi karibu nusu kwa zile pembe, na hadi robo kwa pande. Miti ya dungu haiuzwi bei ya tochi.

Umefaulu ukiwa na: sentensi moja kwenye karatasi, yenye kitu na mita. Mfano: "Kumtambua mtu, mita 100."

## Hatua ya 2: Soma boksi kwa namba zinazostahili

Boksi la tochi huwa na namba tatu zinazochanganywa.

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka, kokote uelekeako. Taa ya sebuleni ina lumeni nyingi na haimuliki hata barabara ya pili.

Kandela ni ukali wa mwale pale katikati. Hii ndiyo namba ya umbali. Huandikwa "cd".

Mita za umbali. Kampuni zinazofuata kipimo cha Marekani kiitwacho ANSI FL1 huhesabu umbali hadi pale mwanga unapobaki luksi 0.25, yaani karibu na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe: tafuta kipeuo cha pili cha kandela, kisha zidisha kwa mbili. Kandela 10,000 ni mita 200. Kandela 40,000 ni mita 400. Kandela 90,000 ni mita 600.

Sasa fikiria: kwa mbalamwezi unaona kuna kitu, lakini humtambui ni nani. Ndiyo maana mita za boksi, hata zikiwa za kweli, uzigawe kwa mbili au tatu. Kwenye nusu ya umbali mwanga unakuwa luksi 1; kwenye theluthi unavuka luksi 2, na hapo ndipo macho ya kawaida yanatofautisha ng'ombe na fisi. Mimi hugawa kwa tatu, hasa kwa mtumiaji aliyevuka miaka 50.

Kwa hiyo anayetaka kumtambua mtu mita 100 atafute tochi ya mita 200 hadi 300, yaani kandela 10,000 hadi 22,500. Kwa zizi la kawaida, kandela 10,000 zinatosha na kubaki. Anayevuka shamba la mita 200 kutoka pembezoni ndiye mwenye haki ya kutafuta kandela 40,000 hadi 90,000.

Na zile mita 2,000? Zinahitaji kandela 1,000,000. Kwa LED hiyo ni tochi yenye kichwa kikubwa sana, na huwezi kuitia mfukoni.

Lumeni 100,000 ni kichekesho zaidi. LED nzuri ndani ya tochi hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 100,000 zingekula wati 1,000, sawa na pasi ya umeme. Betri moja nzuri ya lithiamu ya saizi ya kawaida hubeba takriban wati-saa 11. Ingeisha kwa sekunde 40, na mkono wako ungekuwa umeshika pasi.

Tahadhari: boksi lenye lumeni za kutisha lakini lisilo na kandela wala umbali, lisadiki baada ya kupima tu. Namba zilizochapwa kwenye LED yenyewe au kwenye mwili wa tochi, kama P50, P70 au P90, nazo hubandikwa hovyo. Zisikushawishi.

Umefaulu ukiwa na: kandela unazozitaka, zimeandikwa chini ya ile sentensi ya hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Chungulia kichwa cha tochi

Tochi ikiwa imezimwa, itazame kwa mbele. Unakagua vitu vitatu.

Kwanza, kile kikombe kinachong'aa kinachoizunguka LED. Kikiwa kipana na chenye kina, mwale unakusanyika. Kati ya tochi mbili zenye LED ya aina moja, yenye kikombe kipana ndiyo inayofika mbali. Kikombe laini kama kioo hupeleka mbali zaidi. Chenye vijinundu kama ganda la chungwa hulainisha mwanga na kupunguza umbali kidogo.

Pili, LED yenyewe. Kwa umbali, ndogo moja yenye nguvu huishinda kubwa au kundi. Zile tochi zenye LED kumi na mbili zimepangwa duara zinafaa uani. Kipande cha njano kilichobandikwa ubavuni ni taa ya kulia chakula.

Tatu, kama kichwa kinavutwa mbele na nyuma. Tochi za kuvuta hupendwa kwa sababu ukivuta, mwanga unakuwa doa dogo la mraba na muuzaji anakwambia, "Umeona, bosi?" Lile doa linaweza kwenda mbali kweli. Lakini ukivuta, sehemu kubwa ya mwanga inabaki ndani ya kichwa, pembeni ya doa kunakuwa giza tupu, na sehemu inayoteleza huingiza maji na vumbi. Kwa vumbi letu la Agosti hadi Oktoba, mtelezo huo huanza kukwaruza mapema. Kama pesa inaruhusu, chukua ya kikombe.

Ukiwasha ukutani kutoka mita tatu hivi, unataka doa dogo kali katikati na mwanga hafifu mpana kuzunguka. Ule hafifu ndio utakaokuonyesha nyoka njiani wakati macho yako yako mbali.

Tahadhari: usichungulie tochi iliyowashwa, wala usimruhusu mtoto wa dukani akuelekeze usoni.

## Hatua ya 4: Betri, mahali ambapo udanganyifu ni mkubwa

Tochi nyingi za umbali siku hizi hutumia betri za lithiamu za mviringo. Jina lake ni vipimo vyake: 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, 21700 ina 21 kwa 70.

Angalia mAh zilizochapwa, yaani kiasi cha umeme betri inachobeba. 18650 ya kweli haivuki sana 3,500. Ukiona 6,800 au 9,900 kwenye saizi hiyo, hakuna haja ya kujadili. 21700 nzuri huwa na 4,000 hadi 5,000 na ushee.

Kisha pima uzito. 18650 halisi ina gramu 44 hadi 50. Ikiwa gramu 30 na kitu, ndani kuna betri ndogo, na sehemu iliyobaki ni pengo au kijazo. 21700 hukaa karibu na gramu 70. Mizani ya gramu haibembelezwi na maneno ya muuzaji.

Kama fundi simu wako ana mita ya umeme, mwombe apime volti baada ya kuchaji: betri iliyojaa husoma karibu 4.2. Iliyoshuka chini ya 2.5 usiichaji tena, iondoe.

Tochi zenye betri ya asidi ndani, zile nzito zenye meno ya kuchomeka ukutani, zina kasoro inayowaumiza watu wa vijijini hasa: betri ya asidi ikikaa imeisha wiki kadhaa, inakufa. Kama kwako umeme ni wa kusubiri safari ya mjini, hiyo si tochi yako.

Na mawe makavu? Ni dhaifu kwa umbali, lakini hupatikana hadi kibanda cha mwisho kijijini. Weka tochi ndogo ya mawe kama akiba. Itoe mawe ukiiweka muda mrefu, kwa sababu huvuja na kula shaba.

Kuchaji: chagua tochi yenye tundu la chaja ya simu, Type-C, ili hata paneli ndogo ya sola yenye tundu la simu iimudu. Kama tundu liko kwenye mwili wa tochi, mfuniko wake wa mpira uwe unakaza.

Tahadhari: usiunganishe betri hizi moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12. Usizibebe mfukoni pamoja na sarafu au funguo. Usichaji juu ya godoro, wala ndani ya bani la tumbaku, wala chini ya paa la nyasi ukiwa umelala. Iliyovimba au kuchubuka ganda isiwekwe kwenye tochi.

Umefaulu: uzito na mAh vinaelewana, na unajua betri ya akiba ya saizi hiyo utaipata wapi.

## Hatua ya 5: Pima kandela kwa simu

Hapa ndipo boksi linapoumbuliwa.

Omba sehemu yenye giza: stoo ya nyuma, korido, au nenda jua likizama. Fungua programu ya luksi. Kihisi cha mwanga kipo juu ya skrini, karibu na spika ya kusikilizia, kwa hiyo skrini ndiyo inayoelekea tochi.

1. Soma luksi tochi ikiwa imezimwa. Iandike.
2. Nyoosha kamba mita 5 kati ya tochi na simu.
3. Washa kiwango cha juu, lenga ile sehemu kali kwenye kihisi, sogeza taratibu hadi namba iwe kubwa kabisa.
4. Subiri sekunde 30 ndipo usome. Tochi nyingi huanza kwa mbwembwe.
5. Toa ile namba ya kwanza, kisha zidisha kwa 25. Hizo ndizo kandela.

Luksi 400 ni kandela 10,000. Luksi 900 ni 22,500. Luksi 1,600 ni 40,000. Kama duka ni dogo na umepata mita 3 tu, zidisha kwa 9. Lakini kwa tochi yenye kichwa kipana mita 3 ni karibu mno na itaonekana dhaifu kuliko ilivyo.

Simu hazisomi sawa. Usibishane na muuzaji kwamba ni 21,000 au 22,500. Faida kubwa ni kulinganisha tochi mbili au tatu kwa simu ile ile, mahali pale pale. Inayotangaza mita 1,000 na kusoma luksi 250 imejieleza yenyewe.

## Hatua ya 6: Iache iwake dakika kumi

Weka tochi mahali pamoja, soma luksi, usiizime. Rudia baada ya dakika 5, kisha 10.

Sababu: joto. Tochi yenye nguvu hujipunguza yenyewe ikipata moto, na hiyo ni kinga nzuri. Tatizo ni kiasi. Mwanga ukishuka polepole, jicho halishtuki. Unaweza kupoteza nusu yake na ukaapa haujabadilika. Simu haidanganyiki hivyo.

Mwili wa aluminiamu ukipata joto mkononi, furahi: joto linatoka kwenye LED. Mwili wa plastiki unaobaki baridi huku LED ikijidai ina nguvu unamaanisha moja kati ya mawili: nguvu hakuna, au joto linabaki ndani na LED itaungua.

Kwa anayelinda usiku kucha, kiwango cha juu kabisa ni cha kuangalia mara moja na kuzima. Chagua tochi kwa kiwango chake cha kati.

Umefaulu: baada ya dakika 10 bado una angalau nusu ya luksi za mwanzo, na tochi inashikika.

## Hatua ya 7: Jaribio la usiku

Kabla ya kulipa, patana: "Kaka, nikiijaribu leo usiku isipofika, kesho asubuhi naileta." Chukua risiti, na neno hilo liandikwe juu yake.

Usiku, msaidizi aende mita 50, kisha 100, 150, 200. Hatua 130 za mtu mzima wa kawaida zinakaribia mita 100. Kila kituo ashike ule mfuko mweupe, halafu lile koti la kahawia. Kaa gizani dakika 20 kwanza ili macho yazoee, kama mlinzi anavyokuwa.

Utashangaa tofauti. Mfuko mweupe utauona mbali sana. Koti la kahawia mbele ya nyasi kavu litapotea mapema. Andika umbali wa koti. Ng'ombe wako na nguruwe pori hawavai sandarusi.

Na usihesabu macho. Macho ya ng'ombe, mbuzi au fisi hurudisha mwanga na kung'aa hata pale tochi haitoshi kuonyesha mwili. Vivyo hivyo kibao cha namba cha pikipiki. Muuzaji akimulika kibao kilicho mbali na kusema "imefika", mwombe amulike kisiki.

Rangi ya mwanga inaamua mengi hapa. Mweupe wa kibuluu, kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), unaonekana mkali dukani, lakini kwenye nyasi kavu unafanya kahawia zote zifanane. Mimi nachukua kelvini 4,000 hadi 5,000 hata kama kandela zinapungua kidogo. Mwenye kulinda mpunga wa kijani pengine hataona tofauti.

Kukiwa na vumbi, ukungu au moshi wa msitu, usishike tochi karibu na macho. Ishushe usawa wa kiuno, pembeni. Mwanga unaogonga vumbi mbele ya uso wako hujenga ukuta mweupe, na tochi nzuri itaonekana mbovu.

Umefaulu: koti la kahawia linaonekana kwenye umbali ulioandika hatua ya 1.

## Hatua ya 8: Maji na mwisho wa ukaguzi

Tafuta alama IPX7 au IPX8. IPX7 inamaanisha inavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. IPX4 ni matone na mirusho tu. Fungua mkia: pawe na mpira mwembamba wa mviringo usiochanika. Bonyeza swichi mara nyingi mfululizo; ikiruka mara moja dukani, porini itaruka zaidi.

## Mambo ya kujihadhari ukishaanza kuitumia

Mrina asali asiitumie mzingani. Nyuki huufuata mwanga mweupe usiku, na wewe ndiye uliyeushika. Hawaioni rangi nyekundu vizuri, kwa hiyo pale kwenye mzinga vaa taa ya kichwa yenye mwanga mwekundu. Tochi ya mbali ni ya njia. Ukiingia hifadhini, kibali kiwe mfukoni: mtu mwenye mwale mkali msituni usiku hufanana na jangili, na kuwinda wanyamapori kwa kumulika usiku ni kosa.

Usimmulike dereva wala bodaboda usoni. Kwa wanaoishi kando ya reli ya kati: kutikisa taa mbele ya treni ni ishara ya hatari. Usicheze nayo.

Ukisafiri, legeza mkia wa tochi nusu mzunguko ili isiwake yenyewe ndani ya mkoba.

## Ikifeli

Irudishe asubuhi iliyofuata, pamoja na boksi, risiti na ile karatasi ya vipimo. Usiseme "haina nguvu", kwa sababu muuzaji ataiwasha mchana kweupe darini na kukuonyesha inawaka. Sema: "Boksi linasema mita 1,000. Kwa mita 5 imesoma luksi 250, hiyo haifiki hata mita 160. Tupime tena hapa hapa." Akikubali kubadilisha, anza upya hatua ya 3 kwa ile nyingine. Akikataa kurudisha pesa, dai angalau betri halisi ya 18650 kama fidia, na uipime gramu kabla hujatoka.